Siku ya Kuzaliwa Mtoto: Iwe Furaha ya Nyumba, Isiwe Ugomvi wa Wazazi



Mwezi huu katika ukurasa wetu wa ndoa tutajifunza juu ya jambo ambalo wengi hulichukulia kuwa la watoto tu, nalo kwa kweli linawahusu baba na mama: sherehe ya siku ya kuzaliwa inayofanyika nyumbani. Pengine msomaji atauliza, je, ukurasa wa ndoa umeishiwa na mambo ya kusema? La hasha. Katika kazi ya ukatekista nimeketi na wanandoa waliogombana kwa sababu ya pesa, ya wakwe na ya ulevi. Nimeketi pia na mume na mke ambao hawakusemezana wiki mbili kwa sababu ya keki. Lakini ukiuchunguza vizuri ugomvi wa keki, utakuta keki si chanzo chake. Ni ugomvi wa watu wawili waliolelewa katika nyumba mbili tofauti, na kila mmoja anataka kumpa mtoto kile alichopata yeye utotoni, au kile alichokikosa.

Tuanze basi na kumbukumbu zenyewe, kisha tutazame zinatufundisha nini sisi tulio katika ndoa.

1. TULIVYOSHEREHEKEA BUXTON

Mimi ni mtu wa Mombasa, nami nilikulia Buxton, mtaa ulio kisiwani karibu na daraja la Nyali. Wengi wetu tuliolelewa pale tuliishi katika nyumba za manispaa zilizojengwa kabla ya uhuru. Vyumba vilikuwa vichache, kuta zilipokea kelele za jirani, na ngazi na uwanja vilikuwa vya wote. Daraja jipya la Nyali lilifunguliwa mwaka 1980 mahali pa lile la zamani lililoelea majini tangu mwaka 1931, na sisi watoto wa miaka hiyo tulikua tukisikia magari yakipita juu yake usiku na mchana.

Katika nyumba hizo ndogo ndimo tulimosherehekea siku zetu za kuzaliwa. Hakukuwa na ukumbi wa kukodi. Kama siku yenyewe ilikuwa katikati ya juma, ilingojwa Jumamosi, au Jumapili baada ya Misa.

Kazi ilianza mapema. Mama alikwenda Marikiti kununua iliki na viungo vya pilau. Mayai yalihifadhiwa siku kadhaa bila mtu kuruhusiwa kuyagusa. Keki ilipikwa nyumbani, na kwa kuwa majumba mengi hayakuwa na jiko la kuokea, ilipikwa kwa makaa. Sufuria kubwa iliwekwa juu ya seredani, ikatiwa mchanga chini, na ndani yake ikawekwa sufuria ndogo iliyopakwa siagi na kutandikwa karatasi. Mseto wa unga, sukari, mayai na Blue Band ukamiminwa humo. Kisha kifuniko kikafunikwa na juu yake yakapangwa makaa ya moto, ili keki ipate joto juu na chini. Aliyezidisha makaa ya juu aliunguza uso wa keki, na aliyepunguza ya chini alipata keki yenye uji katikati. Kwa hiyo mama aliketi pale na kijiti chake cha kupimia, na sisi tuliketi kando yake tukingoja sufuria iliyochanganyiwa unga, tuikwangue kwa vidole.

Baba naye alikuwa na kazi yake. Katika majumba mengi ndiye aliyepuliza baluni, akazifunga kwa uzi, akapanda juu ya kiti kutundika karatasi za rangi kutoka pembe hadi pembe. Ilikuwa ajabu kwetu kumwona mtu aliyefanya kazi bandarini au reli wiki nzima akipuliza baluni mpaka mashavu yakatuna. Nawaambia kweli, wako watu wazima leo waliosahau zawadi zote walizopewa, lakini hawajasahau mashavu ya baba yao siku hiyo.

Chakula kilikuwa cha pwani: pilau au biriani kwa aliyejaliwa, na kwa asiyejaliwa viazi karai, bajia, kachiri za muhogo, kaimati na mahamri. Kinywaji kilikuwa sharubati ya ukwaju, au Treetop ya machungwa iliyochanganywa na maji katika ndoo safi na kutiwa barafu. Mabuyu yaligawanywa katika vikaratasi vilivyokunjwa kama pembe, kila mtoto chake.

Nataka mwone pia jinsi majirani walivyofikiriwa. Wengi wa majirani zetu walikuwa Waislamu, na watoto wao ndio tuliocheza nao kila siku. Kwa hiyo nyama ilinunuliwa kwa mchinjaji Mwislamu ili kila mtoto aweze kula bila wasiwasi. Kama siku iliangukia mwezi wa Ramadhani, sherehe ilingoja mpaka baada ya Idi. Hakuna aliyetuhutubia juu ya ujirani mwema, bali tulijifunza kwa kumwona mama akipanga sahani.

Alasiri watoto waliingia wakiwa wameoga na kupakwa mafuta, viatu vikaachwa mlangoni. Michezo ilikuwa kombolela uwanjani na mdako barazani, na ule wa viti: redio ya kaseti ikizimwa kila mmoja anakimbilia kiti, na atakayebaki amesimama anatoka. Kisha mishumaa ikawashwa, wimbo ukaimbwa, mwenye siku akapuliza, akakata keki. Kipande cha kwanza alimlisha mama, cha pili baba, halafu ndugu zake na wenzake. Mpiga picha wa mtaa, kama aliitwa, alipiga picha tatu au nne tu, maana filamu ilikuwa na picha 24 au 36 na kila moja ilikuwa pesa. Tulingoja siku nyingi kuziona. Zawadi zilikuwa daftari, kalamu, soksi, pakiti ya biskuti, au noti iliyokunjwa ndani ya bahasha. Siku hiyo haikuisha mpaka marafiki wakubwa wammwagie maji mwenye sherehe, naye akimbie huku akipiga kelele za furaha.

Nyumba zile kuukuu zimebomolewa katika miaka hii ya 2020 ili kupisha nyumba mpya za gorofa za mradi wa Buxton Point. Wenyeji wake wengi wametawanyika: wengine wamehamia Kisauni, wengine Likoni, wengine Mikindani, wengine bara. Ukikutana nao kwenye harusi au matanga, hawakusimulii kodi ya nyumba wala rangi ya kuta. Watakuuliza, "Unakumbuka ile siku keki ilipoanguka ngazini tukaila hivyo hivyo?"

2. KWA NINI KUMBUKUMBU HIZO ZIMEDUMU?

Ndugu msomaji, tujiulize. Keki haikuwa nzuri kuliko za dukani leo, zawadi zilikuwa duni, chumba kilikuwa na joto. Ni nini basi kilichobaki moyoni? Mimi naona mambo matatu.

Kwanza, wazazi walikuwapo kwa mikono yao. Hawakulipa mtu aje awafurahishe watoto. Mtoto aliona saa nyingi za mama na baba zikitumika kwa ajili yake, na mtoto hupima upendo kwa saa kabla hajajua kupima kwa shilingi.

Pili, baba na mama walishirikiana. Siku za kawaida tuliwaona kila mmoja na shughuli zake. Siku hiyo tuliwaona wakishauriana, wakicheka, mmoja akishika kiti na mwenziwe akitundika karatasi. Mtoto anayeona wazazi wake wakifanya kazi moja kwa furaha hupata usalama ambao hawezi kuueleza kwa maneno. Ninyi mnadhani mnamfanyia sherehe yeye, kumbe yeye anaitazama ndoa yenu.

Tatu, kulikuwa na hadithi. Katika majumba mengi, keki ikiliwa, mama au bibi alisimulia jinsi mtoto alivyozaliwa: mvua ilivyonyesha, gari lilivyokosekana, jirani aliyebisha hodi usiku wa manane, na nani aliyechagua jina. Aliyezaliwa mwezi wa Mei aliambiwa kila mwaka kwamba yeye ni mtoto wa masika. Hadithi ilirudiwa mpaka mtoto akaijua kama sala.

Wataalamu wa saikolojia wamelichunguza jambo hili la tatu. Katika Chuo Kikuu cha Emory huko Marekani, Marshall Duke na Robyn Fivush waliandaa maswali 20 ya kuwauliza watoto juu ya familia zao: wazazi walikutanaje, mama alikulia wapi, jina la mtoto lilitoka wapi, ni mambo gani yaliyotokea ndugu zake walipozaliwa. Waliona kwamba watoto waliojua zaidi historia ya nyumba yao walielekea kujithamini zaidi na kuwa na wasiwasi mdogo zaidi. Wakaonya pia kwamba siri haiko katika kukariri majibu, bali katika maisha ya familia inayoketi pamoja na kusimuliana. Sherehe ya nyumbani ni nafasi mojawapo ya kuketi hivyo.

Tena wataalamu wanatuambia kwamba watu wazima wengi hawakumbuki mambo ya kabla ya umri wa miaka mitatu hivi. Basi mzazi anayekopa ili kufanya sherehe kubwa ya mtoto wa mwaka mmoja ajue anaifanya kwa ajili yake mwenyewe na wageni wake. Si dhambi kufurahi, lakini asiseme, "Ni kwa ajili ya mtoto."

3. WAWILI WALIOLELEWA TOFAUTI

Sasa tuje kwenye kiini cha somo letu. Nitawaeleza juu ya mume na mke mmoja, bila kuwataja.

Mke alikulia Buxton katika sherehe kama hizo nilizoeleza. Mume alikulia kijijini Ukambani, katika nyumba ya watoto wengi, na hakuna aliyewahi kumwambia siku yake ya kuzaliwa. Kitambulisho chake kinasema tarehe 1 Januari, kama vitambulisho vya Wakenya wengi ambao tarehe zao hazikuandikwa walipozaliwa. Alijua tu kwamba alizaliwa wakati wa mvua.

Kila mwaka siku ya kuzaliwa ya mtoto wao wa kwanza ilipokaribia, nyumba ilianza kuwa na baridi. Mke aliomba pesa. Mume akasema, "Mama watoto, karo haijalipwa, wewe wataka kununua baluni?" Mke akakopa kwenye chama chake, akakodi mahali, akaalika watu. Mume siku hiyo akachelewa kazini kwa makusudi, akarudi mishumaa imezimwa. Ikawa hivyo miaka mitatu. Mwaka wa nne mtoto, akiwa na miaka minane, alimwambia mama yake: "Mwaka huu tusifanye. Mkifanya, baba hutukasirikia."

Maneno hayo ndiyo yaliyowaleta kwangu. Mke alilia akisema, "Hampendi mtoto wake." Mume akasema, "Ananidharau mbele ya watu, anakopa kana kwamba mimi si mwanamume wa nyumba." Kila mmoja alisema kweli juu ya uchungu wake, na kila mmoja alikosea juu ya moyo wa mwenzake.

Nikawauliza swali moja kila mmoja. Mke nilimuuliza: "Unapokumbuka sherehe zako, unakumbuka nini?" Akataja makaa juu ya kifuniko, baba yake akipuliza baluni, nyimbo. Hakutaja ukumbi wala wageni mia. Mume nilimuuliza: "Ulipokuwa mtoto, ukisikia wenzako shuleni wakitaja siku zao, uliona vipi?" Akanyamaza kitambo kirefu. Mwishowe akasema, "Nilijiambia ni upuzi." Mke wake akamtazama, kisha akamshika mkono. Miaka kumi ya ndoa, na hakuwa amewahi kusikia hilo.

Waliporudi nyumbani walikubaliana mambo mawili. Sherehe ingefanyika nyumbani kwa kiasi walichopanga pamoja bila deni. Na mume angempigia simu mama yake kijijini amuulize habari za kuzaliwa kwake. Yule bibi alimweleza kila kitu: ilikuwa usiku wa mvua kubwa, mto umejaa, na jirani alikuja na taa ya kandili mkononi akaitwa mkunga. Siku ya sherehe ya mtoto, baada ya keki kukatwa, baba akasimama mbele ya watoto na kuisimulia hadithi hiyo yake mwenyewe kwa mara ya kwanza. Mtoto akauliza, "Basi baba, siku yako ni ya mvua?" Tangu hapo, mvua za Novemba zikianza, mtoto huyo humdai baba yake keki.

Wapendwa, angalieni. Shida yao haikuwa umaskini wala ubahili. Mmoja alikuwa na kumbukumbu tamu akaihofia isipotee, na mwingine alikuwa na pengo akaona haya kulionyesha. Wahenga walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Utoto wa mwenzako ni kitanda usichokilalia, usiukadirie kwa macho. Muulize.

4. JE, NI DESTURI YETU?

Wako akina baba wasemao, "Mambo ya keki ni ya Wazungu." Kuna ukweli kidogo. Keki yenye mishumaa kwa mtoto ilianzia Ujerumani katika karne ya 18, ikaenea Ulaya na Marekani, na ikafika kwetu pamoja na mambo mengine ya kigeni. Lakini kukumbuka kuzaliwa si jambo geni kwetu. Tazameni majina yetu. Huku pwani kuna Juma na Khamisi kwa siku ya wiki, na Ramadhani na Shaabani kwa mwezi. Wajaluo wana Akinyi wa asubuhi na Atieno wa usiku, na Wakamba wana Wambua wa mvua. Huko ni kubeba siku ya kuzaliwa maisha yote. Na nani pwani asiyejua siku ya arobaini, mama mzazi anapotoka nje na mtoto wake kuonyeshwa kwa furaha?

Wengine wanauliza upande wa imani. Wapo Wakristo wa madhehebu mengine wasiosherehekea, wakisema kwamba Biblia inataja sherehe za namna hii kwa Farao (Mwanzo 40:20) na kwa Herode (Marko 6:21), na zote mbili ziliambatana na mauaji. Ni kweli mauaji yalitokea. Lakini ovu lilikuwa katika mioyo ya wale watawala, katika ulevi na kiburi mbele ya wageni. Hilo liwe onyo kwetu: Herode alimwua Yohane kwa kuwa aliona haya mbele ya walioalikwa. Nasi tukifanya karamu ili kuwaridhisha walioalikwa, kuna kitu kizuri nyumbani mwetu kitakachouawa, hasa amani.

Kanisa lenyewe husherehekea kuzaliwa kwa watatu: Bwana wetu tarehe 25 Desemba, Yohane Mbatizaji tarehe 24 Juni, na Bikira Maria tarehe 8 Septemba. Watakatifu wengine wengi huadhimishwa siku ya kufa kwao, ambayo ndiyo kuzaliwa kwao mbinguni. Na Papa Fransisko, aliyefariki Aprili 2025, mara nyingi aliwahimiza waamini waitafute na kuikumbuka tarehe ya ubatizo wao. Katika wosia wake wa kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016 aliwahimiza wanandoa wakatize mazoea ya kila siku kwa sherehe na kufurahia kumbukumbu za familia. Kwa hiyo tusiogope furaha, bali tuiweke mahali pake.

5. MITEGO YA SIKU HIZI

Sisi wa siku hizi tuna mitego ambayo wazazi wetu wa Buxton hawakuwa nayo. Naitaja kwa ufupi.

(a) Deni. Mkopo wa simu huja kwa dakika moja, lakini kuulipa huweza kula unga wa mwezi mzima. Mtoto akila keki Jumamosi na kurudishwa nyumbani Jumatatu kwa kukosa karo, amefundishwa nini?

(b) Mashindano. Jirani ameleta ngazi ya kuteleza iliyojaa upepo, nasi tulete mbili. Watoto hawakuyaanza mashindano haya, bali sisi.

(c) Simu. Zamani picha zilikuwa nne. Leo ni mia nne, na mtoto huambiwa arudie kupuliza mishumaa kwa kuwa picha haikutoka vizuri. Mpeni mtu mmoja kazi ya kupiga picha kwa dakika chache, kisha simu ziwekwe kando.

(d) Sherehe ya watu wazima. Muziki ni wa wakubwa, pombe ni ya wakubwa, na mwenye siku amelala kochini. Hiyo si sherehe yake.

6. NAMNA YA KUFANYA

Wanandoa wapendwa, jaribuni utaratibu huu.

Kwanza, zungumzeni mapema, mwezi mmoja kabla, mkiwa wawili na mmetulia. Kila mmoja aeleze utoto wake ulivyokuwa, na mwenzake asikilize bila kukatiza wala kucheka.

Pili, kubalianeni kiasi cha pesa baada ya kutenga chakula, kodi na karo. Kikiwa kidogo, sherehe iwe ndogo. Mkate wa sinia wenye mshumaa mmoja hutosha.

Tatu, gawaneni kazi. Baba awe na kazi inayoonekana: kupuliza baluni, kuwasha jiko, kuongoza mchezo. Asiwe mlipaji tu, wala mgeni wa heshima. Mtoto naye apewe kazi, na ndugu zake pia, ili wasione wivu.

Nne, alikeni wachache, na miongoni mwao awepo mtoto mmoja ambaye kwao hakuna sherehe. Asiombwe zawadi.

Tano, anzeni kwa sala fupi, na wazazi wote wawili wamwekee mtoto mikono kichwani na kumbariki. Kisha simulieni hadithi ya kuzaliwa kwake, na hata kama kulikuwa na shida, semeni pia nani aliyewasaidia.

Sita, wekeni cheti cha kuzaliwa na cha ubatizo mahali pamoja, na tarehe zote mbili ziandikwe mnapoziona. Kama hamjamwandikisha mtoto, fanyeni hivyo. Sheria ya Kenya inataka kuzaliwa kuandikishwe ndani ya miezi sita, na baada ya hapo huhesabiwa kuwa kumechelewa na mambo huzidi kuwa marefu.

Saba, kumbukeni na siku zenu ninyi wawili. Nyumba nyingi huwasherehekea watoto na kusahau kabisa siku ya mke, siku ya mume, na siku ya ndoa. Watoto wakiwaona mkikumbukana, nao watakumbukana mtakapokuwa hampo.

Na kama baba yuko safarini, baharini au Ghuba kwa kazi? Apige simu saa ya keki, naye ndiye asimulie hadithi. Na kama kuna msiba nyumbani? Acheni nyimbo na michezo, lakini msiiache siku ipite kimya. Mtoto aitwe, abarikiwe, apewe chakula anachokipenda. Na kama mmoja wenu ameumizwa na utoto wake hata hawezi kuvumilia sherehe, msimlazimishe wala msimcheke. Mwendeeni taratibu, kwa kuwa kidonda cha zamani huuma hata kikiguswa kwa wema.

MASWALI YA KUJADILIANA

Someni makala haya pamoja jioni moja watoto wakishalala, kisha mjibu kwa zamu.

1. Ni siku gani ya utoto wangu ninayoikumbuka kwa furaha kuliko zote? Nani alikuwapo?

2. Je, kuna siku niliyoingojea utotoni nayo haikuja? Mwenzangu anaijua?

3. Mwaka uliopita, katika sherehe za watoto wetu, tulikuwa tukimfurahisha nani?

4. Je, kila mtoto wetu anaijua hadithi ya kuzaliwa kwake na maana ya jina lake?

5. Tarehe zetu za ubatizo ni zipi? Kama hatuzijui, ni nani kati yetu atakayekwenda parokiani kuangalia katika daftari?

Msijaribu kumaliza maswali yote usiku mmoja. Mkifika la pili na mmoja wenu akanyamaza, subirini naye. Hapo ndipo palipo na kazi kubwa ya ndoa, na keki itangoja.

Mungu awabariki ninyi na watoto wenu, na azidishe vicheko katika nyumba zenu.